Namna ya Kumpata Profesa Mwandamizi wa Baiolojia ya Mifumo: Mwongozo kwa Vyuo na Taasisi za Bagamoyo

Bagamoyo ina kitu ambacho idara nyingi za baiolojia ya mifumo duniani zinakitafuta kwa gharama kubwa, nacho ni utafiti wa kina unaofanyika mahali ambapo ugonjwa wenyewe upo. Tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo hapa lilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, sambamba na kituo cha Korogwe mkoani Tanga. Ni hapa pia ambapo Watanzania watu wazima walikubali kwa hiari kuambukizwa malaria, wakiwa chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari, ili mwenendo wa vimelea katika damu yao ufuatiliwe. Chuo kinachotaka kuanzisha nafasi ya profesa mwandamizi wa fani hii katika ukanda wa pwani kina sababu nzuri ya kusikilizwa na mtu yeyote duniani. Kinachoamua kama mtu huyo atakuja, na akija kama atakaa, ni maandalizi yanayofanywa kabla tangazo la nafasi halijaandikwa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ambayo mwombaji haioni.

Kwanza, amueni mnamtafuta nani

Baiolojia ya mifumo huuliza jinsi jeni, protini, seli na viungo vinavyotenda vikiwa pamoja, badala ya kukichunguza kila kimoja peke yake, na hulijibu swali hilo kwa kuunganisha vipimo vya maabara na hesabu. Mizizi yake ni ya zamani kuliko jina lake. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliandika milinganyo inayoeleza jinsi ishara ya umeme inavyosafiri katika mshipa wa neva wa ngisi, na mwaka 1960 Denis Noble akatumia njia hiyo kuonesha kwa hesabu jinsi seli ya moyo inavyopiga. Fani ilipata makao yake rasmi mwaka 2000, Leroy Hood na wenzake walipoanzisha taasisi ya baiolojia ya mifumo mjini Seattle, wakati Hiroaki Kitano akifanya kazi kama hiyo Tokyo. Mwaka 2012 kundi la Markus Covert wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichapisha modeli ya kompyuta ya seli nzima ya bakteria Mycoplasma genitalium, kiumbe chenye jeni 525 tu. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ambacho jinomu yake, yaani jumla ya maelezo yake ya kijeni, ilichapishwa mwaka 2002, kina jeni zaidi ya 5,000. Wanakamati watakaokaa mezani wanapaswa kuijua tofauti hiyo, kwa sababu mwombaji atakayeahidi modeli kamili ya kimelea cha malaria ndani ya mkataba wa miaka mitano atakuwa anaahidi jambo ambalo hakuna maabara iliyolifikia.

Ndani ya fani hii kuna watu wa aina tofauti. Yupo ambaye nguvu yake ni hesabu na modeli, ambaye anahitaji kompyuta, wanafunzi wenye hisabati nzuri na data za wengine. Yupo mtu wa vipimo, anayesoma maelfu ya jeni au protini katika sampuli moja, ambaye anahitaji mashine, kemikali, majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri na umeme usiokatika. Wa tatu ni yule anayeziunganisha kazi hizo mbili na kuongoza kundi la watu wasiozungumza lugha moja ya kitaaluma. Matangazo mengi humtaka mtu mmoja awe haya yote, afundishe pia masomo manne kwa mwaka, na alete ruzuku mwenyewe. Mtu huyo hayupo, na anayedai kuwa ndiye huyo anapaswa kutazamwa kwa makini zaidi kuliko wengine. Kwa taasisi ya Bagamoyo inayoanza, ushauri wangu ni kumtafuta mtu wa modeli mwenye rekodi ya kuchapisha pamoja na watu wa maabara na wa hospitali. Vipimo tayari vinafanyika katika mkoa huu, na kumpa mtu kama huyo nyenzo za kazi ni rahisi kuliko kujenga maabara mpya kuanzia msingi.

Uamuzi huo uandikwe katika ukurasa mmoja, ukieleza maswali mawili au matatu ya kisayansi ambayo chuo kinataka yashughulikiwe, na usainiwe na mkuu wa idara, amidi au rasi wa ndaki, na Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Ukurasa huo utatumika katika kila hatua inayofuata.

Ikama, fedha na makubaliano ya data

Chuo cha umma hakiwezi kuajiri bila nafasi kuwamo katika ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na bila kibali cha ajira kutoka serikalini, na mchakato wenyewe huhusisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Chuo binafsi kina uhuru zaidi, lakini Baraza la Chuo litataka kujua mshahara wa mwaka wa nne utatoka wapi kama nafasi imeanzishwa kwa fedha za mfadhili wa miaka mitatu. Suala la umri nalo liangaliwe mapema. Profesa katika utumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 65, na profesa mwandamizi kwa kawaida ni mtu aliyekwishavuka miaka 50. Mtu mwenye miaka 61 anaweza kuwa chaguo zuri sana, ilimradi chuo kijue kwamba kinaajiri kwa miaka minne na kipange warithi wake tangu siku ya kwanza.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba data za majaribio ya kitabibu zilizokusanywa Bagamoyo si mali ya chuo jirani. Zina wenyewe, zina fomu za ridhaa zinazotaja matumizi yaliyoruhusiwa, na zina vibali vya maadili, ambavyo kwa utafiti wa afya hutolewa kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Tangazo linaloandika kwamba profesa atakuwa na fursa ya kutumia data za kipekee za malaria, wakati hakuna karatasi hata moja iliyosainiwa, ni tangazo la uongo, na mtu mwenye uzoefu atalibaini katika mazungumzo ya kwanza. Nendeni mkazungumze na wenye data kabla. Hati fupi ya maelewano inayosema ni aina gani ya data, kwa utaratibu gani na kwa masharti yapi ya uandishi wa pamoja, ina thamani kubwa kwa mwombaji kuliko nyongeza ya mshahara. Masuala ya hifadhi ya taarifa yatazamwe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inahusu pia mafaili ya waombaji wenyewe.

Kamati

Watu watano hadi saba wanatosha. Pamoja na mwanabaiolojia wa idara, awepo mwanahisabati au mtaalamu wa kompyuta, mtafiti wa hospitali au wa kituo cha utafiti, na angalau mjumbe mmoja kutoka nje ya chuo. Awepo pia mhadhiri kijana, kwa kuwa yeye ndiye atakayefanya kazi chini ya profesa huyo kwa miaka mingi na mara nyingi huona mambo ambayo wakubwa wake hawayaoni. Kila mjumbe atangaze kwa maandishi uhusiano wake na waombaji pindi orodha inapopatikana. Aliyekuwa msimamizi wa uzamivu wa mwombaji asikae katika kikao kinachomjadili.

Tangazo, na kutafuta kwa miguu

Tangazo zuri hueleza kazi, nyenzo zilizopo, mzigo wa kufundisha kwa saa, ngazi ya mshahara au utaratibu wa kuujadili, na tarehe. Liseme wazi kwamba kazi ni Bagamoyo, takriban kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na kwamba si ofisi ya jijini yenye safari za pwani. Wapo watakaoacha kuomba kwa sababu hiyo, na ni afadhali waache sasa.

Maprofesa waandamizi hawatafuti kazi kwa kusoma matangazo. Wana maabara, wana wanafunzi, na wana watoto shuleni. Mwenyekiti wa kamati lazima awaandikie yeye mwenyewe, kwa majina, watu ishirini au thelathini duniani ambao kazi zao zinagusa ule ukurasa mmoja, akiwaomba wamtajie nani anafaa, bila kuwauliza kama wao wenyewe wanataka. Swali hilo la heshima humpa mtu nafasi ya kujitaja mwenyewe bila aibu. Pitieni pia mitandao ya Afrika, hasa watu waliokuzwa na H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki (uchambuzi wa data za baiolojia kwa kompyuta) uliojengwa kusaidia utafiti wa jinomu wa H3Africa na kuongozwa kutoka Cape Town, pamoja na Watanzania walioko vyuo vya nje. Kwa hao wa mwisho, swali la uraia liulizwe mapema na kwa upole, kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na jibu lake ndilo litakaloamua kama atahitaji kibali cha kazi.

Kusoma kazi za waombaji

Hapa ndipo kamati nyingi huchoka na kukimbilia namba. Kielezo cha h, namba inayojumlisha wingi wa makala za mtafiti na manukuu yake, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, hupatikana kwa sekunde chache na huwapanga watu kwa mstari ulionyooka. Tatizo ni kwamba katika fani hii makala moja inaweza kuwa na waandishi mia moja, na mtu anaweza kupata manukuu maelfu kwa kuwa mmoja wa kundi kubwa lililosoma jinomu. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzishwa mwaka 2012, liliwataka waajiri waache kutumia kiwango cha jarida kama kipimo cha ubora wa mwandishi, na nadhani hakuna fani ambayo ushauri huo unaihusu zaidi ya hii.

Njia iliyo bora ni kumwomba kila mwombaji achague makala zake tano na aeleze katika aya moja kwa kila makala yeye binafsi alifanya nini. Kisha wajumbe wawili wasome makala hizo zote, neno kwa neno. Katika makala ya modeli, angalieni jambo hili hasa: modeli ina vigezo vingapi visivyojulikana, yaani namba zinazoiendesha ambazo hazikupimwa moja kwa moja, na vimekadiriwa kutokana na vipimo vingapi? Modeli yenye vigezo 40 iliyolinganishwa na vipimo 12 itaafikiana na vipimo hivyo kwa urahisi, na haitakuwa imethibitisha lolote, kwa kuwa vigezo tofauti kabisa vingeleta mchoro uleule. Mtafiti makini hulisema jambo hilo mwenyewe ndani ya makala, huonesha ni vigezo gani vinaweza kutambulika na vipi haviwezi, na hutabiri kitu ambacho baadaye kilipimwa.

Baada ya hapo, mpeni mwanafunzi mmoja wa uzamili mwenye uwezo wa kuandika programu kazi ya siku mbili: apakue modeli moja ya kila mwombaji aliyeingia katika orodha fupi, aiendeshe kwenye kompyuta ya kawaida, na ajaribu kuchora tena mchoro mkuu wa makala. Fani hii ina desturi nzuri ya kuweka modeli hadharani kwa SBML, muundo wa pamoja wa kuandika modeli za baiolojia, katika hazina ya mtandaoni ya BioModels, kwa hiyo ombi hili si la uonevu. Modeli isipopatikana, mwandikieni mwombaji aitume. Jinsi anavyojibu, kwa haraka au kwa kukwepa, kwa maelezo yanayoeleweka na mgeni au kwa faili lisilofunguka, itawaonesha wanafunzi wa Bagamoyo watalelewa vipi kuliko itakavyoonesha barua yoyote ya mdhamini.

Barua hizo bado zinahitajika. Waombeni wathamini wa nje, baadhi wakiwa wametajwa na mwombaji na baadhi wakiwa wamechaguliwa na kamati, na muwaulize maswali yanayojibika: ni wanafunzi wake wangapi wa uzamivu wamemaliza na wako wapi leo, ni wazo gani katika fani lisingekuwepo bila yeye, amewahi kufanya kazi mahali penye nyenzo chache. Barua ya jumla huleta sifa za jumla.

Ziara ya siku mbili

Usaili wa dakika 45 mbele ya meza ndefu haufai kwa ngazi hii. Waiteni watu watatu au wanne, kila mmoja kwa siku mbili, na mgharamie safari. Siku ya kwanza iwe na mhadhara wa wazi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao hawajasomea fani hii, pamoja na mazungumzo ya nusu saa na kila mjumbe wa idara na mafundi wa maabara. Sikilizeni mafundi walimwonaje.

Siku ya pili asubuhi iwe ya ubao. Ninapendekeza swali linalotokana na sayansi inayofanyika hapahapa. Mpeni mchoro wa idadi ya vimelea katika damu ya mtu aliyeambukizwa malaria ya falciparum, uliopimwa kila siku kwa PCR, kipimo kinachotambua vinasaba vya kimelea hata vikiwa vichache, na mwulize kwa nini mstari haupandi kwa ulaini bali hupanda kama ngazi, ukishuka kidogo na kupanda tena kila baada ya siku mbili hivi. Kisha mwachieni chaki.

Jibu zuri huanza na mzunguko wa saa 48 ambao kimelea hutumia ndani ya seli nyekundu. Hufika haraka kwenye jambo muhimu zaidi, kwamba vimelea vilivyokomaa hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kutoweka katika damu inayochotwa, hivyo kinachohesabiwa na maabara ni vimelea vichanga peke yake. Mtu wa modeli aliyezoea kukaa na watu wa hospitali atachora makundi mawili, vilivyomo katika mzunguko na vilivyonata, na ataandika mlinganyo mmoja kwa kila kundi. Mwongezeeni swali la pili: seli moja iliyoambukizwa ikipasuka hutoa vimelea vipya kati ya 16 na 32, mbona idadi katika damu ya mtu asiye na kinga huongezeka kwa kama mara 10 tu kwa mzunguko? Hapa mtasikia kuhusu vimelea vinavyoshindwa kuingia katika seli mpya, kazi ya wengu, na mwitikio wa kinga. Asikilizwe hasa anapofika mahali ambapo data haziwezi kuamua kati ya sababu hizo, kwa sababu mwalimu mzuri husimama hapo, akasema ni kipimo gani cha ziada kingetenganisha jibu moja na jingine, na akamgeukia mtu wa maabara aliyemo chumbani kumwuliza kama kipimo hicho kinawezekana. Mwombaji anayejaza ubao wote kwa milinganyo bila kumwuliza mtu yeyote chumbani swali hata moja amewaonesha jinsi atakavyoongoza kundi.

Mchana mpelekeni kuona mji, naye aje na mwenza wake kama inawezekana. Aione nyumba atakayokaa, shule za karibu, barabara ya kwenda Dar es Salaam, na chumba cha seva kama kilivyo, pamoja na joto lake. Mahali pasipo jenereta, mwambieni hapana jenereta na kwamba fedha zake zimeombwa tarehe fulani.

Majadiliano ya mkataba

Mishahara ya vyuo vya umma hufuata miundo iliyowekwa, na mjadala wa mshahara huisha mapema. Utajiri wa mjadala uko kwingine: fedha za kuanzia, nafasi mbili za watafiti wa baada ya uzamivu, mtaalamu mmoja wa kudumu wa kusimamia data, ada za wanafunzi watatu wa uzamivu, kompyuta na intaneti ya uhakika, na mwaka wa kwanza wenye mzigo mdogo wa kufundisha. Kati ya hayo yote mimi ningempigania kwanza mtaalamu wa data. Profesa asipokuwa naye atasafisha majedwali usiku kwa miaka miwili, halafu ataondoka. Kila ahadi iandikwe katika barua ya ajira pamoja na tarehe na jina la ofisi itakayoitekeleza, kwa sababu viongozi wa chuo hubadilika na ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa. Kazi ya mwenza ni suala zito kuliko kamati nyingi zinavyodhani. Liulizeni waziwazi, na mjumbe mmoja apewe jukumu la kulifuatilia na waajiri wengine wa mjini na wa Dar es Salaam.

Vibali

Kwa asiye raia, taratibu zinapaswa kuanza siku mkataba unaposainiwa. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri apate kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kando ya kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji, na inamtaka awe na mpango wa kuwaandaa Watanzania watakaorithi kazi hiyo. Mpango huo usiandikwe kwa ajili ya faili peke yake. Wataje wahadhiri wawili watakaofanya utafiti pamoja na profesa na hatua watakazofikia kila mwaka. Shahada zilizopatikana nje zipelekwe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa utambuzi, na mtafiti wa kigeni aombe kibali cha utafiti COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Sampuli zitakazosafirishwa nje zinahitaji makubaliano yake maalumu. Ofisa mmoja wa rasilimali watu ashike kazi hizi zote, awe na namba ya simu inayopokelewa, na amwandikie profesa kila wiki hata kama hakuna jipya.

Miezi kumi na miwili ya mwanzo

Kamati isivunjwe siku ya kuripoti. Ikutane na profesa katika mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, ikiwa na barua ya ajira mezani, na ipitie ahadi za chuo mstari kwa mstari kabla ya kuuliza lolote kuhusu machapisho. Makala ya kwanza yenye anwani ya Bagamoyo haitatoka mwaka huo, na hakuna sababu ya kuisubiri. Vinavyoweza kuangaliwa ni kama kibali cha maadili kimepatikana, kama wanafunzi wa uzamivu wamesajiliwa, kama seva inawaka, na kama watu wa hospitali na watu wa hisabati wana kikao cha pamoja kila wiki ambacho hakiahirishwi.

Yule mwombaji wa pili katika orodha aandikiwe barua ya heshima ndani ya wiki moja baada ya uamuzi, iliyosainiwa na mwenyekiti mwenyewe, na ikiwa ametumia siku zake mbili ubaoni na wanafunzi wenu, aalikwe kuwa mtahini wa nje wa tasnifu za uzamivu zitakazoanza kuandikwa.